Nani Anayetahiniwa? Mradi wa Mwaka wa Mwisho katika Idara za Fasihi za Afrika Mashariki, Ukitazamwa kutoka Tabaka

Kila mwaka wanafunzi wa shahada ya kwanza katika idara zetu za fasihi na za Kiswahili huwasilisha miradi yao ya mwisho. Msimamizi huisoma, mtahini wa pili huisoma, mtahini wa nje hupelekewa michache, alama huandikwa, na kazi hizo huingia kabatini. Jambo moja halibadiliki katika mzunguko huu, nalo ni kwamba anayetahiniwa ni mwanafunzi. Makala haya yanakusudia kulitia shaka jambo hilo. Tutajaribu kuonyesha kuwa mradi mmoja ukisomwa peke yake hutueleza habari za aliyeuandika, lakini miradi ya miaka kadhaa ikisomwa kwa pamoja hutueleza habari za waliomfundisha: walimpa zana gani, walimnyima zipi, na walimwelekeza atazame wapi hata asione kilichokuwa karibu. Kwa maana hiyo miradi hiyo ni ushahidi wa kihistoria juu ya programu za masomo, tena ni ushahidi wa kutegemewa kuliko mitaala iliyochapishwa, kwa kuwa mtaala husema idara ilikusudia nini ilhali mradi huonyesha ni nini kilichomfikia mwanafunzi.

Tumechagua kuitazama historia hii tukiwa Tabaka, katika Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii. Tabaka haina idara ya fasihi. Inajulikana kwa machimbo ya mawe ya sabuni na kwa wachongaji ambao kazi zao huuzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Ila ni mahali pa aina ile ambayo historia ya miradi yetu haiwezi kueleweka bila ya kuitaja: mahali ambako mwanafunzi hutoka, kisha akarudishwa katika mwaka wake wa mwisho, akiwa na kinasa sauti na daftari, aambiwe akakusanye. Alichokikusanya tumekipima mara nyingi. Tulichomfundisha kabla hajaenda hatujakipima vya kutosha.

Kiwango cha London

Kabla ya uhuru swali hili halikuweza kuulizwa kwa namna tunavyoliuliza hapa. Mwaka 1949 Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na shahada zilizotolewa Kampala zikawa ni za London. Nairobi ilifuata njia hiyo hiyo mwaka 1961, pale chuo kilichokuwa kimepokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956 kilipogeuzwa kuwa Royal College. Mwanafunzi wa Kiingereza alikaa katika chumba cha mtihani kwa saa tatu, akajibu maswali juu ya Shakespeare na washairi wa Kiingereza. Hakutumwa nyumbani kwao kukusanya chochote, kwa kuwa nyumbani kwao hakukuhesabiwa kuwa na kitu cha kusomwa.

Hata hivyo, mfumo ule ulikuwa na jambo moja ambalo hatuna budi kulikiri. Ndani yake, kazi ya mwisho ya mwanafunzi ilikuwa kweli ni kipimo cha idara. Mtahini wa London alipoisoma karatasi ya mwanafunzi wa Makerere alikuwa pia anauliza kama Makerere inafundisha inavyopasa. Tatizo lilikuwa katika kipimo chenyewe: idara ilisifiwa kwa kadiri ilivyofanana na idara nyingine iliyokuwa maili elfu nne kutoka hapo. Ilipofaulu ilikuwa imefaulu kutoweka.

Okot p'Bitek alikutana na kipimo hicho kwao chenyewe, Uingereza. Alipata huko Oxford shahada ya utafiti mwaka 1963 kwa kazi juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walango, lakini tasnifu yake ya udaktari ilikataliwa mwaka 1970. Kazi hiyo ilichapishwa kama kitabu mwaka uliofuata, na ingali inasomwa. Hatudai kuwa watahini hukosea kila wanapokataa kazi. Tunasema tu kwamba tasnifu inapokataliwa kuna pande mbili za kuchunguzwa, na Okot mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 1970 juu ya wataalamu wa Magharibi na dini za Kiafrika, aliuchunguza upande wa pili bila ya kuuonea haya.

1968 na matokeo yake

Tarehe 24 Oktoba 1968 wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, yaani Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o (wakati huo akiitwa James Ngugi), waliandika waraka wakipendekeza Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake paundwe idara ambayo kitovu chake ni Afrika. Waraka huo umezungumziwa mara nyingi kwa sababu ya mapendekezo yake juu ya vitabu: nani asomwe kwanza, nani afuate. Kwa maoni yetu, jambo lililobadilisha maisha ya wanafunzi zaidi ni lile la fasihi simulizi kuwekwa katika msingi wa masomo. Kitabu kinaweza kuagizwa kutoka dukani, bali fasihi simulizi haikuwa imechapishwa vya kutosha kuagizwa. Aliyetakiwa kuileta darasani ni mwanafunzi mwenyewe.

Ndipo ulipozaliwa mradi wa nyanjani kama tunavyoujua. Wanafunzi walirudi kwao, wakasikiliza, wakanukuu, wakatafsiri, wakaandika maelezo. Mwaka 1972 Taban lo Liyong alihariri kitabu juu ya fasihi simulizi na utamaduni wa watu wa Afrika Mashariki ambacho kilitokana na kazi za wanafunzi wake. Kitabu hicho kinastahili kutazamwa kama tukio katika historia ya ufundishaji, kwa maana wanafunzi wa mwaka mmoja walikuwa wamewaandikia wanafunzi wa mwaka uliofuata kitabu cha kiada. Mkutano wa walimu wa fasihi uliofanyika Nairobi School mwezi wa Septemba 1974 uliichukua hoja hiyo na kuipeleka katika shule za sekondari. Mwaka 1982 S. Kichamu Akivaga na Asenath Bole Odaga walitoa kitabu chao cha fasihi simulizi kwa ajili ya shule, na mwaka 1983 Jane Nandwa na Austin Bukenya wakatoa chao. Katika muda wa miaka kumi na mitano hivi, somo ambalo halikuwapo lilikuwa limepata wakusanyaji, walimu, vitabu na mtihani.

Huu ni mfano mwema wa kazi za wanafunzi kuijenga programu, na hatuujui ulio bora kuuzidi katika eneo letu. Lakini inafaa tuangalie kilichotumiwa na kilichoachwa. Kilichotumiwa ni matini: ngano, vitendawili, nyimbo. Mradi ulikuwa ghala, nayo idara ikawa inaingia ghalani kuchukua inachokihitaji. Kilichoachwa ni zile sehemu za mradi ambazo hazikuwa na kitu cha kuchukua: wimbo uliotajwa bila ya kunukuliwa, msimulizi aliyekataa, tafsiri iliyokwama, tanzu ambayo haikupatikana. Sehemu hizo zilikatwa alama. Na ndizo hasa zingeweza kuwaeleza wahadhiri ni wapi mafunzo yao yalipokoma.

Wingi wa wanafunzi

Miaka iliyofuata haikuwa miaka ya kusoma kwa utulivu. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na wanafunzi wake wa kwanza waliingia vyuoni mwaka 1990, wakakuta vyuo vimekwisha kupokea makundi mawili kwa pamoja mwaka 1987. Vyuo vilikuwa vimeongezeka, kwa kuwa Moi ilikuwa imeanzishwa mwaka 1984, Kenyatta ikawa chuo kamili mwaka 1985 na Egerton mwaka 1987, lakini wasimamizi hawakuongezeka kwa kasi ya madawati. Hesabu yake si ngumu. Mhadhiri anayeweza kuisoma miradi sita neno kwa neno hawezi kuisoma arubaini kwa namna hiyo. Ataangalia sura ya kwanza, atatazama kama kuna nadharia, atahesabu kurasa. Mwanafunzi naye si mjinga. Atajifunza kuandika mradi unaosomeka kwa namna hiyo.

Ndipo muundo wa mradi ulipokauka. Sura ya kwanza ina tatizo la utafiti, malengo, nadharia tete na upeo. Sura ya pili ina historia ya jamii, aghalabu iliyonakiliwa. Kwa mwanafunzi wa Gusii, sura hiyo itamtaja W. R. Ochieng' na kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya historia ya Abagusii kabla ya ukoloni. Sura ya tatu ni ya fani na maudhui. Kiambatisho kina matini, na katika matini hayo msimulizi karibu kila mara ni mzee wa miaka sabini na kuendelea. Jambo hili la mwisho limezoeleka kiasi kwamba hatuliulizi tena. Nyanya ndiye hazina ya fasihi simulizi. Vitabu vya kiada vimesema hivyo, na miradi imethibitisha.

Tuliulize basi, na hapa ndipo Tabaka inapotufaa.

Chinsoni

Tuchukue mwanafunzi aliyezaliwa Tabaka, akasoma fasihi, akarudi nyumbani katika mwaka wake wa mwisho ili akusanye nyimbo. Tuseme yeye ni mwanamume wa miaka ishirini na mitatu. Anayajua maeneo, anaijua lugha, anajulikana. Kwa mujibu wa kila mwongozo wa utafiti wa nyanjani ambao atakuwa amepewa, hana kizuizi. Miongozo hiyo humwonya mtafiti juu ya kuwa mgeni: ajitambulishe, ajenge imani, atafute mkalimani, asiharakishe. Imeandikwa kwa ajili ya mtu anayeingia katika jamii kutoka nje.

Tatizo la mwanafunzi wetu ni kinyume cha hilo. Yeye ni mtoto wa pale. Kati ya Abagusii uhusiano wa kizazi na kizazi huongozwa na utaratibu wa heshima na haya unaoitwa chinsoni. Kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto hawazungumzi pamoja mambo ya mwili na ya unyumba, hawayaimbi pamoja, wala hawapaswi kuyasikia yakisemwa mmoja mbele ya mwenzake. Na kwa kuwa mfumo wa ukoo huwahesabu watu wengi kuwa baba na mama, sio wazazi waliomzaa peke yao, mpaka huo humkuta mwanafunzi karibu katika kila boma analoingia. Kwa upande mwingine, baina ya babu au nyanya na mjukuu mpaka huo haupo. Pale kuna utani na uhuru wa maneno. Hali kadhalika baina ya watu wa rika moja. Mambo haya si siri ya kikabila. Philip Mayer alichapisha uchunguzi wake juu ya utani wa marika ya Abagusii mwaka 1951 na juu ya sherehe za jando mwaka 1953. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti Gusii kati ya 1955 na 1957, waliyaeleza kwa kirefu.

Tukilielewa hilo, ile picha ya nyanya kama hazina inapata maelezo mengine. Inawezekana kweli kwamba wazee ndio wanaokumbuka zaidi. Lakini inawezekana pia kwamba mwanafunzi alikwenda kwa nyanya kwa sababu nyanya ndiye mtu mzima pekee ambaye adabu ilimruhusu kuketi naye na kusikiliza kila kitu. Hatukutofautisha kati ya mambo haya mawili. Tulichukua matokeo ya chinsoni tukayafanya kuwa nadharia ya fasihi simulizi: kwamba fasihi hii ni ya wazee, kwamba inakufa pamoja nao, kwamba kizazi cha kati hakina kitu. Kila mradi mpya ulioletwa ukaithibitisha nadharia hiyo, kwa kuwa kila mwanafunzi mpya alikuwa chini ya mpaka ule ule.

Hakuna mradi mmoja ambao ungeweza kutuonyesha jambo hili. Mradi mmoja ungesema tu kwamba nyimbo fulani za jando hazikupatikana, na mtahini angeandika pembeni kuwa utafiti haukuwa wa kina. Miradi thelathini kutoka eneo moja, ikiwekwa mezani na kuulizwa umri wa kila msimulizi, jinsia yake na uhusiano wake na mkusanyaji, ingeonyesha pengo lenye umbo. Pengo lenye umbo si uvivu wa mtu mmoja. Thelathini hawawi wavivu mahali pale pale.

Tuongeze jambo linalokera kidogo. Mayer na akina LeVine walipata mambo ambayo mtoto wa Gusii asingeweza kuyapata kwa wepesi, na sababu moja ni kwamba hawakuwa watoto wa mtu yeyote pale. Idara zilizoanzishwa kwa nia ya kumpa Mwafrika nafasi ya kuitafiti fasihi yake mwenyewe zilimpa miongozo iliyofaa mgeni, kisha zikamkata alama kwa kutofanya kama mgeni. Owuor-Anyumba na wenzake hawakulikusudia hilo. Lilitokea kwa sababu miradi ilipoanza kulisema, katika mapengo yake, hapakuwa na mtu aliyeisoma kwa jicho hilo.

Machimboni

Kuna pengo la pili, na hili halitokani na adabu ya Abagusii bali na fasili yetu sisi wahakiki. Mwanafunzi wetu wa Tabaka, akielekea kwa nyanya yake, atapita karibu na machimbo na vibanda vya wachongaji. Wanaume huchimba jiwe na kulichonga kwa panga, tindo na tupa. Wanawake hulisugua kwa msasa na maji hadi uso wake uwe laini, kisha hupakwa rangi au nta. Jiwe lenyewe huwa jeupe, la waridi, la kijivu au la njano. Kazi hii ni ya saa nyingi, hufanywa na watu wengi wakiwa pamoja, nayo husemwa wakati inapofanywa. Mchongaji hukipa kinyago jina. Muuzaji hukipa hadithi: hawa wawili waliokumbatiana ni nani, huyu aliyeinama anafikiri nini. Hadithi hiyo huanza kwa Ekegusii kibandani, hupita katika Kiswahili cha wachuuzi, na humfikia mnunuzi katika Kiingereza cha maneno machache.

Je, hiyo ni fasihi? Miradi iliyofuata fasili ya vitabu vya miaka ya 1980 isingeweza kujibu ndiyo. Fasili hiyo ilitaka matini yenye tanzu inayojulikana: ngano (ambazo kwa Ekegusii huitwa emegano, neno ambalo sikio la Mswahili haliwezi kukosa kuusikia undugu wake), methali, vitendawili, nyimbo za harusi, labda ribina ya wanawake ya kuomba mvua na obokano, zeze lile kubwa la nyuzi nane. Hadithi inayobuniwa ili kuuza kinyago ilihesabiwa kuwa ni biashara. Kwa hiyo fasihi simulizi iliyo hai zaidi ya Tabaka, ile inayotungwa na kizazi cha kati, na wanawake wanaosugua mawe, kwa ajili ya hadhira ambayo haijui lugha yao, ilipitwa na mwanafunzi akiwa njiani kwenda kutafuta fasihi.

Wenzetu wa sanaa za uchongaji wana bahati moja tuliyoikosa. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Gusii ambaye alisoma Makerere na baadaye McGill huko Kanada, na ambaye ndege wake wa jiwe amewekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, ametoka katika fani ambayo kazi ya mwisho ya mwanafunzi huwekwa wazi ukumbini. Kila apitaye huiona, huiona pamoja na za wenzake, na kama kazi zote za mwaka huo zina mkono mmoja, mkono wa mwalimu, hilo huonekana papo hapo. Mradi wa fasihi hauna ukumbi. Husomwa na watu wawili au watatu, kila mmoja peke yake, na hakuna anayeuona karibu na mwenzake.

Herufi tano

Tutaje kwa ufupi suala la maandishi, kwa kuwa ni dogo lakini linathibitisha hoja kwa urahisi zaidi. Ekegusii kina irabu saba, nayo tahajia iliyozoeleka ina herufi tano za irabu. Aidha ni lugha ya toni, na tahajia haionyeshi toni. Mwanafunzi wa Idara ya Kiswahili anayenukuu wimbo kutoka Tabaka hutumia tahajia hiyo, kisha huanza kujadili urari wa sauti, vina na mchezo wa maneno, yaani anachambua kwa herufi tano jambo lililoimbwa kwa irabu saba. Vina anavyovitaja huenda si vina. Mchezo wa maneno aliousikia msimulizi huenda hauonekani kabisa katika karatasi. Msimamizi asiyejua Ekegusii hawezi kulitambua kosa. Msimamizi anayekijua huenda amezoea tahajia hiyo tangu utotoni na halioni.

Kosa hili hujirudia katika lugha nyingine za Kenya zenye irabu saba, Kikuyu kikiwa mfano, ingawa tahajia ya Kikuyu imejitahidi kuzionyesha. Tiba yake inajulikana: wiki chache za fonetiki ya kunukuu, zitolewe kabla ya safari ya nyanjani na zifundishwe na wenzetu wa isimu ambao mara nyingi wako katika jengo hilo hilo. Ni jambo la ratiba tu. Lakini ratiba haitabadilika maadamu kosa linaendelea kuandikwa katika hesabu ya mwanafunzi.

Wakaguzi na wasomaji

Katika miaka ya karibuni wazo la kuipima programu kwa kazi za mwisho za wanafunzi limeletwa kwetu kwa mlango mwingine, ule wa udhibiti wa ubora. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lilitoa mwaka 2010 miongozo yake ya ubora, na Sheria ya Vyuo Vikuu ya Kenya ya mwaka 2012 iliunda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kuchukua nafasi ya ile iliyoanzishwa mwaka 1985. Wazo lenyewe lina historia nje ya kwetu. Nchini Uholanzi jopo linalokagua programu ya chuo husoma sampuli ya tasnifu za wahitimu, aghalabu kumi na tano, na halitosheki na maelezo ya mtaala. Uzito wa jambo hilo ulionekana mwaka 2010 na 2011, pale ilipofichuliwa kwamba baadhi ya wahitimu wa chuo cha INHolland walikuwa wamepewa shahada kwa kazi zisizofikia kiwango. Tasnifu zao ziliposomwa upya, lawama iliviangukia vyuo.

Hatupingi ukaguzi wa namna hiyo. Ila mkaguzi huuliza swali moja, kama kiwango kimefikiwa au hakikufikiwa, na kwa swali hilo pengo la chinsoni litaonekana kuwa ni upungufu, nayo hadithi ya mchongaji haitaonekana kabisa kwa kuwa haimo. Kuvitambua vitu ambavyo havimo katika matini, na kuuliza kwa nini havimo, ni kazi ya mhakiki. Tumeifanya kwa riwaya na tamthilia tangu idara zetu zianzishwe. Ajabu ni kwamba matini pekee ambayo hatujayahakiki ni yale tunayoyaagiza wenyewe kila mwaka.

Pale Kisii mambo yanayohitajika kwa kazi hiyo yapo karibu. Chuo cha ualimu kilichoanzishwa mwaka 1965 katika ardhi iliyotolewa na Baraza la Gusii kilipandishwa kuwa chuo cha stashahada mwaka 1983, kikawa chini ya Egerton mwaka 1994, kikawa chuo kishiriki mwaka 2007, na kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kisii mwezi wa Februari 2013. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa Tabaka anaweza kufanya utafiti wake wa mwisho akiwa katika chuo kikuu kilicho mjini Kisii, na akarudi machimboni mara tano badala ya mara moja. Manufaa yake ni dhahiri. Lakini chuo kikiwa karibu, chinsoni nayo inakuwa karibu. Msimamizi akiwa Omogusii wa kizazi cha wazazi, mwanafunzi atakayefanikiwa kuunasa wimbo wa jando kutoka kwa marika yake atalazimika kuuweka katika kiambatisho utakaosomwa na mtu ambaye, kwa hesabu ya nyumbani, ni baba yake. Anaweza kuuacha nje na kupoteza alama. Anaweza kuuandika na kuvunja heshima. Msimamizi naye anaweza kuufunika ukurasa huo na kusema hakuuona, jambo ambalo adabu inaliruhusu na kanuni za mtihani haziliruhusu.

Yapo mapendekezo mawili yanayoweza kujadiliwa katika vikao vya idara. La kwanza ni kwamba mradi uwe na sehemu isiyotolewa alama, ambamo mwanafunzi ataeleza ni nini alichokisikia na asichoweza kukiandika, na kwa sababu gani. Sehemu hizo zikusanywe na kusomwa kwa pamoja kila baada ya miaka michache, kabla ya mtaala kupitiwa. La pili ni juu ya mtahini wa nje. Tumemrithi kutoka London, alikowekwa ili alinde kiwango cha watu wengine, na wengi wetu tumemvumilia kama gharama ya usafiri. Kwa wimbo wa Tabaka, hata hivyo, mtahini anayetoka Maseno, Mombasa au Dar es Salaam ana sifa ambayo hakuna aliyemkusudia awe nayo: yeye si baba wa mwanafunzi yule, na anaweza kuusoma ukurasa ambao mwenzake wa Gusii ameufunika.